Mume wangu hana maumivu yoyote, mbona mishipa ya moyo wake mpya inakonda?

"Daktari, habari ya kazi. Mume wangu ana miaka 49. Alipandikizwa moyo nchini India miaka sita iliyopita, baada ya moyo wake kupanuka hadi ukashindwa kusukuma damu. Tangu turudi Nairobi ameishi vizuri. Anafundisha, anapanda ngazi mpaka gorofa ya nne tunakoishi, na hajawahi kulalamika kifua. Biopsi zake zote, zile za kunyofoa vipande vya msuli wa moyo na kuvichunguza, zilikuwa safi. Mwezi uliopita alifanyiwa angiografia ya kawaida, yaani picha ya mishipa ya moyo, ripoti ikaandika 'CAV 1', kwamba mshipa mmoja umepungua kwa asilimia 40 na mingine imekonda kuelekea mwisho. Daktari wake anataka kuondoa maikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na kuweka nyingine, everolimasi, na anasema stenti, kile kijibomba cha kufungua mshipa, si ya sasa. Familia imegawanyika. Shemeji zangu wanasema alipewa moyo mzee kwa sababu mtoaji alikuwa na miaka 41. Mama mkwe analaumu mapishi yangu. Jirani ameleta dawa ya mitishamba ya kusafisha mishipa. Na kuna jambo moja hatujamwambia daktari: mwaka juzi tulikwama pesa, kwa wiki tatu hivi akawa anameza takrolimasi, dawa yake nyingine ya kutuliza kinga, mara moja kwa siku badala ya mbili ili isituishie. Je, ndilo lililoleta haya? Je, moyo huu unaharibika kama ule wa kwanza? Atahitaji mwingine?"

Dada yangu, pole kwa mzigo huu, na asante kwa kueleza mambo yote. Wengi hunipa nusu ya habari. Wewe umeniandikia hata lile ambalo daktari wenu halijui, na naona ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Kwanza tuelewane ripoti inasema nini, maana naona ugomvi ulio nyumbani kwenu umetokana na kila mtu kuisoma kwa hofu yake mwenyewe.

Herufi CAV zinasimamia ugonjwa wa mishipa ya damu inayoulisha moyo uliopandikizwa. Hupangwa kwa ngazi, kuanzia 0 ambapo angiografia haionyeshi kasoro yoyote, hadi 3 ambapo hali ni mbaya. Mume wako yuko ngazi ya kwanza. Maana yake ni kwamba hakuna mshipa uliopungua kwa asilimia 70, shina la mishipa ya upande wa kushoto halijafika asilimia 50, na moyo wenyewe bado unafanya kazi yake sawasawa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko asilimia zote. Mtu mwenye mishipa iliyopungua kidogo tu huhesabiwa ngazi ya 3 ikiwa moyo umeanza kushindwa kusukuma damu, au umekuwa mgumu usiolegea kuipokea. Kwa hiyo mkikaa tena na daktari, kabla ya kuuliza "imeziba asilimia ngapi", ulizeni eko, ile picha ya moyo unavyopiga inayopigwa kupitia kifuani, inasema moyo unasukuma vipi na unalegea vipi.

Wala si jambo la ajabu lililowashukia ninyi peke yenu. Kumbukumbu za kimataifa za watu waliopandikizwa moyo zinaonyesha kwamba baada ya miaka mitano, takriban watu watatu kati ya kumi huwa wana mabadiliko haya kwenye angiografia. Baada ya miaka kumi ni karibu nusu yao. Mume wako ametimiza miaka sita tangu apandikizwe.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa msuli: moyo ulitanuka, kuta zikalegea, nguvu ikaisha. Moyo ule ulitolewa, na ugonjwa wake ukaondoka nao. Huu wa sasa ni wa mishipa, tena si ule ugonjwa wa mishipa unaousikia kila siku redioni, wa mafuta kuganda. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata baadhi ya wahudumu wa afya, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu.

Moyo alionao mume wako ni wa mtu mwingine, na mishipa yake ni ya mtu huyo, pamoja na utando mwembamba uliotandikwa ndani ya mishipa hiyo. Utando huo ndio kitu cha kwanza kuguswa na damu ya mume wako. Moyo uliopandikizwa hupiga haraka kuliko wetu, mara nyingi 90 hadi 110 kwa dakika hata mtu akiwa amekaa. Ukipiga mara 95, kwa siku moja ni zaidi ya mara 130,000. Kila pigo linapitisha askari wa kinga ya mwili mbele ya utando ambao si wa kwao. Dawa anazomeza huwatuliza askari hao, lakini haziwafungi macho. Kila siku wanaukwaruza utando kidogo, na mshipa unajitibu kama ngozi inavyojitibu, kwa kovu. Umewahi kumwona mtu aliyetoboa sikio, kidonda kikapona, kisha kovu likaendelea kukua hadi likawa kama punje ya dengu? Ndani ya mshipa ni kama hivyo. Seli za msuli wa ukuta zinahamia upande wa ndani, zinazaana, na ukuta unanenepa kuelekea katikati, pale damu inapopita.

Ndiyo maana ripoti ikasema mishipa "imekonda kuelekea mwisho". Ugonjwa wa mafuta huota upande mmoja wa ukuta, kibonge hapa kibonge pale, mara nyingi karibu na chanzo cha mishipa mikubwa. Huu wa moyo uliopandikizwa huuzunguka mshipa wote kama pete, ukaufuata urefu wake hadi kwenye vitawi vidogo. Na una tabia moja inayomtambulisha mhusika: unakoma kwenye mshono. Mishipa iliyokuja na moyo ndiyo inayougua hivyo, na ile aliyozaliwa nayo mume wako, ya mikono, miguu na kichwa, haipati ugonjwa huu. Kama chanzo kingekuwa chakula peke yake, kisingejua mshono uko wapi.

Nikuonyeshe ninachokiona kazini. Wakati mwingine, pamoja na angiografia, tunapitisha ndani ya mshipa kijibomba chenye unene wa karibu milimita moja kinachotoa mawimbi ya sauti. Kwenye skrini linatokea duara la kijivu, kana kwamba umekata chungwa katikati ukalitazama. Mshipa wenye afya una ganda jembamba kama uzi. Mshipa unaougua una lile ganda nene jeupe la chungwa la msimu mbaya, na nafasi ya katikati imebanwa. Angiografia yenyewe haioni ganda. Inapiga picha ya rangi inayopita katikati, yaani kivuli cha njia tu. Ikiwa mshipa umenenepa sawasawa kotekote, kivuli kinaweza kuonekana laini kabisa na msomaji akaandika "kawaida". Kwa kipimo hiki cha mawimbi, ukuta ukiongezeka unene kwa nusu milimita ndani ya mwaka wa kwanza, tunajua mgonjwa huyo anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, hata kama hajisikii chochote.

Sasa shemeji zako na "moyo mzee". Mwezi Januari 1968, mjini Cape Town, Christiaan Barnard na wenzake walimpandikiza moyo daktari wa meno aitwaye Philip Blaiberg. Alikuwa mgonjwa wa pili wa Barnard. Yule wa kwanza, Louis Washkansky, alipandikizwa Desemba 1967 akaishi siku 18. Blaiberg aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu, hadi Agosti 1969, na alipofariki moyo wake ulichunguzwa. Mishipa ilikuwa imeharibika vibaya sana. Mtoaji wa moyo ule alikuwa kijana wa miaka 24. Wataalamu wakati ule walishangaa: kijana wa miaka 24 anapataje mishipa ya namna hiyo kwa miezi kumi na tisa? Jibu ni hilo nililokueleza. Mishipa haikuja na ugonjwa, iliupatia ndani ya mwili mpya.

Sisemi umri wa mtoaji hauna maana. Unayo, na mioyo ya watoaji wenye umri mkubwa zaidi hupata shida hii kwa wingi zaidi. Lakini miaka 41 ni umri wa kawaida kwa mtoaji, na hakuna aliyewadanganya. Tena jambo hili linaweza kuchunguzwa badala ya kubishaniwa sebuleni. Vituo vingi hupiga angiografia ya kwanza wiki chache baada ya upasuaji ili kujua moyo ulikuja na nini. Kama ilipigwa, iko kwenye diski huko India. Iombeni. Daktari wenu akiziweka picha mbili sambamba, ataona kama ile asilimia 40 ilikuwapo tangu mwanzo au imezaliwa miaka hii sita. Majibu hayo mawili yana maana tofauti kabisa, na kwangu mimi diski hiyo ina thamani kuliko maoni ya ndugu wote kwa pamoja.

Mama mkwe naye msamehe, ana hofu ya mzazi. Mwambie kwa upole kwamba sukuma wiki na maharagwe yako hayajaziba mishipa ya mwanawe. Ila chakula kinaingia kwa mlango wa nyuma, na hapo sitaki kukufariji kwa uongo. Takrolimasi hupandisha presha na sukari, na dawa za jamii ya predinisoloni hupandisha sukari na kolesteroli. Hivi vitatu vikipanda, vinaongeza makali ya ugonjwa ambao havikuuanzisha. Kwa hiyo chumvi ipungue, mafuta ya kukaangia yapungue, nyama choma iwe ya siku moja moja, presha ipimwe nyumbani na kuandikwa kwenye daftari. Sigara isiguswe, na asikae kwenye moshi wa wengine.

Sasa lile la hana maumivu. Dada yangu, hili ndilo ningependa ulibandike ukutani. Moyo unapotolewa kwa mtoaji, neva zake hukatwa. Mpasuaji hushona mishipa mikubwa ya damu, lakini neva hazishonwi. Ndiyo maana moyo wa mume wako hupiga haraka akiwa amekaa, huchelewa kuongeza kasi anapoanza kupanda ngazi, na huchelewa kutulia anapofika juu. Na ndiyo maana damu ikipungua kwenye msuli wake, hakuna waya wa kupeleka kilio. Mtu mwenye moyo wake wa kuzaliwa hushika kifua akatokwa jasho. Mwenye moyo wa kupandikizwa anaweza kupata shambulio la moyo akadhani amechoka tu. Kwa baadhi ya watu neva huota tena kidogo miaka inavyokwenda, kwa hiyo akisikia maumivu ya kifua yasipuuzwe hata kidogo. Lakini kutosikia maumivu hakumaanishi lolote.

Nina mgonjwa niliyemjua kwa viatu. Kila alipokuja kliniki alivaa viatu vyeusi vya kamba vilivyong'arishwa. Siku moja akaja na ndala. Nikamuuliza, akasema anavaa ndala kwa sababu ya joto. Ilikuwa mwezi wa Julai, na Nairobi ya Julai unaijua. Nilipobonyeza kifundo cha mguu, kidole changu kiliacha shimo. Alikuwa amebadilisha viatu kwa sababu miguu haikuingia, na kwa wiki mbili alikuwa analalia mito mitatu. Kifua hakikumuuma hata mara moja. Mishipa yake ilikuwa imefika ngazi ya 3.

Na biopsi safi? Nafurahi kwamba ni safi, lakini zilikuwa zinajibu swali jingine. Kwenye biopsi tunanyofoa vipande vidogo vya msuli kutoka chumba cha moyo cha upande wa kulia, kutafuta kama kinga inaushambulia msuli. Mishipa mikubwa hatuigusi. Mtu anaweza kuwa na biopsi safi miaka yote huku mishipa inanenepa taratibu. Kwa hiyo hakuna aliyewapotosha, wala vipimo havikukosea.

Tuje kwenye zile wiki tatu.

Sitakwambia hazikuwa kitu. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12 kwa sababu baada ya saa hizo imeshuka kiasi. Akimeza mara moja, nusu ya siku kinga yake ilikuwa macho kuliko inavyotakiwa. Katika nafasi kama hiyo mwili unaweza kutengeneza kingamwili maalumu dhidi ya tishu za mtoaji, na kingamwili hizo ni miongoni mwa mambo yanayochochea ugonjwa huu. Lakini pia hakuna mtu duniani anayeweza kuthibitisha kwamba wiki tatu zile ndizo zilizoleta ile asilimia 40. Unene huu hujengeka kwa miezi na miaka, na nina wagonjwa wasiokosa hata kidonge kimoja walioupata. Kirusi cha saitomegalo, madhara ambayo moyo uliyapata mtoaji alipokuwa anafariki, saa ambazo moyo ulikaa kwenye barafu, mashambulizi madogo ya kinga ya mwaka wa kwanza, yote yanachangia. Mlikuwa mmekwama, mkafanya mlichoona kitawasogeza. Sikulaumu, na daktari wenu akiwa daktari hatawalaumu.

Lakini lazima mumwambie, kwa sababu habari hiyo inabadilisha kazi yake. Akijua, ataagiza kipimo cha damu cha kutafuta zile kingamwili. Zikikutwa, mpango wa matibabu si ule ule tena, na huenda akasita kupunguza dawa ambayo angeipunguza kama hakujua. Asipojua, anaendesha gari usiku taa moja ikiwa imezimika. Na pesa zikikwama tena, na najua maisha ya mji huu, pigeni simu kliniki kabla vidonge havijabaki vya wiki mbili. Kuna dawa mbadala za bei nafuu zenye kiini kilekile, na zinaweza kutumika vizuri, mradi kubadilisha kampuni kusifanywe kimyakimya dukani na kiwango cha dawa kwenye damu kipimwe baada ya kubadilisha. Zipo pia takrolimasi zilizotengenezwa kumezwa mara moja kwa siku. Hizo ni vidonge tofauti, na zile za mara mbili haziwezi kugeuzwa kuwa hizo kwa kuruka dozi ya jioni.

Jambo dogo linaloharibu mengi: damu ya kupima takrolimasi hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dozi. Naona watu wakimeza saa moja asubuhi, wanapanda matatu, wanafika maabara saa tatu, damu inatolewa, majibu yanatoka juu, na dawa inapunguzwa wakati haikuwa imezidi. Abebe kidonge mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze.

Kuhusu kubadilisha dawa, nadhani daktari wenu anafikiria vizuri, ila ningemuuliza maswali mawili matatu. Everolimasi na ndugu yake sirolimasi hazitulizi kinga tu. Zinazuia pia seli za ukuta wa mshipa kuzaana, yaani zinagusa lile kovu lenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2003, wenye wagonjwa 634, ulilinganisha everolimasi na azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, tangu mwanzo wa upandikizaji, na mishipa ya waliopewa everolimasi ilinenepa kidogo zaidi kuliko awali lakini kwa kiasi kidogo kuliko ya wenzao. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwa watu kama mume wako, waliokwisha kukaa miaka mingi. Utafiti uliofanywa nchi za Skandinavia kwa watu wa aina hiyo haukuona kwa jumla kwamba kuhamia everolimasi na kupunguza dawa za jamii ya takrolimasi kulipunguza kasi ya ugonjwa wa mishipa. Kadiri mtu anavyohamishwa mapema ndivyo faida inavyoonekana. Yeye amekaa na moyo huu miaka sita lakini ugonjwa wake uko mwanzoni, kwa hiyo nafasi ya kufaidika ipo, ila isiuzwe kwenu kama tiba ya uhakika.

Na dawa hii ina bei yake mwilini. Huleta vidonda vya mdomoni, miguu kuvimba, kolesteroli kupanda, protini kuvuja kwenye mkojo, na vidonda vya upasuaji kuchelewa kupona. Mara chache hufanya mapafu yavimbe kwa ndani na kuleta kikohozi kikavu. Kabla ya kuanza, apimwe mkojo na figo, na kama ana upasuaji wowote mbele yake, hata wa ngiri, aseme sasa. Nami ningeuliza waziwazi: kwa nini everolimasi ichukue nafasi ya maikofenoleti na si vinginevyo, takrolimasi itashushwa hadi kiwango gani, na tutajuaje baada ya mwaka kwamba imesaidia? Daktari mzuri hafadhaiki kuulizwa hivyo.

Kuna dawa moja hukuitaja, nami nimekuwa nikiitafuta kwenye barua yako: statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Mwaka 1995 ilichapishwa taarifa ya utafiti wa California ambapo wagonjwa waliopandikizwa moyo waligawanywa, wengine wakapewa pravastatini, mojawapo ya statini, mapema na wengine wasipewe. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 94 ya waliopewa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 78 ya wasiopewa, na mishipa yao ilikuwa bora. Tangu hapo karibu kila aliyepandikizwa moyo hupewa statini, hata kama kolesteroli yake ni nzuri. Angalia kwenye mfuko wa dawa. Kama haipo, hilo ni swali la kesho asubuhi. Wengi hupewa na asprini ya dozi ndogo pia, ila hiyo daktari aiamue mwenyewe kulingana na tumbo na figo za mgonjwa.

Stenti nakubaliana naye kabisa. Stenti hufungua mahali pamoja palipobanwa sana. Mshipa wenye asilimia 40 hauhitaji, na mishipa iliyokonda kuelekea mwisho haina mahali pa kuweka stenti. Hata pale inapofaa, ni kiraka, maana ukuta unaendelea kunenepa mbele na nyuma yake na mara nyingi hujibana tena. Upasuaji wa kupitisha mshipa mpya hufanywa kwa nadra, kwa sababu upande wa chini mishipa huwa myembamba mno kushonewa.

Moyo mwingine? Ugonjwa ukifika mbali, huo ndio ufumbuzi pekee wa kudumu, na sitakuficha hilo. Lakini hufanywa kwa wachache, matokeo yake kwa kawaida hayafikii ya mara ya kwanza, na itabidi kusafiri tena nje ya nchi. Mume wako hayuko huko. Watu wengi wa ngazi ya kwanza hukaa miaka mingi wakifanya kazi zao. Kinachotakiwa ni kujua kasi. Ningependa picha ya mwaka ujao ilinganishwe na hii, na kama kuna uwezo, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kifanyike siku hiyohiyo. Angiografia mnaweza kuifanya hapahapa Nairobi, si lazima kupanda ndege kwa ajili yake. Kuhusu malipo, tangu SHA, bima ya afya ya taifa ya sasa, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, mwezi Oktoba 2024 taratibu zimebadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya bima ya hospitali wiki kadhaa kabla ya tarehe, si asubuhi ya kipimo.

Dawa ya jirani irudishwe, kwa heshima. Simjui aliyeitengeneza na sitaki kumsema vibaya. Shida ni kwamba takrolimasi na everolimasi huvunjwavunjwa na ini kwa njia moja ambayo mimea mingi huivuruga. Kuna inayoifunga njia hiyo, dawa ikapanda hadi figo zikaumia. Kuna inayoifungua, dawa ikashuka na kinga ikaamka. Hata balungi, tunda la kawaida, hupandisha takrolimasi. Na usidhani dawa za hospitali ni salama zote. Klarithromaisini na flukonazoli huipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya, kwa hiyo akianzishwa dawa za TB bila daktari wa moyo kujua ni hatari ya haraka. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa mtaani kwa maumivu ya mgongo, humpiga kwenye figo. Na chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, asichomwe hata kama anasafiri.

Sasa wakati wa kukimbia hospitali. Akianza kupumzika kwenye gorofa ya pili wakati zamani alifika ya nne bila kusimama, hiyo ni habari ya wiki hii, si ya kliniki ijayo. Vivyo hivyo uzito ukiongezeka kilo mbili kwa siku mbili tatu, vifundo kuvimba, kuhitaji mto wa ziada usiku, tumbo kujaa na chakula kukataa kushuka. Akizimia, moyo ukienda mbio au ukapiga ovyo ovyo, akikosa pumzi amekaa, au akipata maumivu yoyote ya kifua, ni idara ya dharura usiku huohuo. Mlangoni, neno la kwanza liwe "ana moyo wa kupandikizwa", kwa sababu daktari kijana wa zamu asiyejua atasubiri maumivu ambayo hayatakuja, na kuna dawa kama atropini ambazo hazitauongezea moyo huo kasi kama anavyotarajia.

Mtengenezee karatasi ya kukaa kwenye pochi: mwaka na mahali alipopandikizwa, dawa zote na dozi zake, jina na simu ya daktari wake, na matokeo ya angiografia hii. Tengeneza nakala yake kwa ajili ya kliniki, na kwenye nakala hiyo andika pia zile wiki tatu: zilianza lini, alimeza kiasi gani, zikaisha lini. Ukishindwa kuyasema kwa mdomo mbele ya mume wako, mpe daktari karatasi mkononi, asome mwenyewe.